Rosa Mistika: Aibu ya Kitabu au Aibu ya Nyumba?



Kuna vitabu ambavyo watu huvikasirikia kabla ya kuvisoma, na kuna vitabu ambavyo watu huvisifu bila ya kuvisoma. Rosa Mistika, riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi, imeyapata yote mawili. Ilipotoka mwaka 1971 ilizusha makelele. Ikasemwa kuwa ni chafu, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda. Kisha ikarudi kwa mlango wa mbele, ikawekwa miongoni mwa vitabu vya kusomwa na kutahiniwa katika sekondari. Mama aliyekatazwa kukishika alipokuwa msichana, huenda bintiye alihimizwa akisome usiku kucha ili afaulu mtihani. Kitabu ni kile kile na herufi ni zile zile. Basi kilichogeuka ni nini?

Wako wanaojibu upesi kwamba wazee wetu walikuwa hawajaerevuka na sisi tumeerevuka. Wako wengine wanaojibu kwa upesi ule ule kwamba wazee walikuwa na haya na sisi haya imetutoka. Majibu yote mawili ni mepesi, na jibu jepesi aghalabu ni la mtu asiyetaka kuulizwa zaidi. Natutazame kwanza kitabu chenyewe.

Kisa ni cha nyumba moja ya Ukerewe, kwao mwandishi. Zakaria ni baba mlevi. Siku moja anagundua kwamba binti yake Rosa amepata barua ya kijana, Charles, na bila ya kuuliza wala kusikiliza anampiga kipigo kikubwa. Mtoto anakua akiwaogopa wanaume kama mtu aogopavyo nyoka. Lakini hofu si adabu, wala fimbo si malezi. Anapofika chuo cha ualimu, mbali na jicho la baba, ile hofu inakatika kama kamba iliyovutwa mno, na Rosa anaanguka. Anakutana na wanaume wanaomtumia na kumtupa, anatoa mimba. Mwishoni Charles anarudi kutaka kumuoa, na anapogundua kwamba si bikira anamkataa. Rosa anajiua.

Sasa, ewe msomaji, tujiulize: watu walishtushwa na nini? Walishtushwa na uwazi wa maneno. Mambo yaliyozoeleka kusemwa chini ya shuka yalichapishwa kwa wino mweusi. Mshtuko huo mimi sikuuona wa ajabu, wala siudharau. Haya ni pambo la nyumba, na anayeilinda nyumba yake hastahili kuchekwa. Lakini tazama jambo hili: kilichopigwa marufuku kilikuwa kitabu. Ulevi wa Zakaria haukupigwa marufuku, wala ile tabia ya Charles ya kudai kwa mwanamke usafi ambao hakuna mwanamume kitabuni aliyeulizwa kama yeye anao.

Sisi tuliosoma chuoni tunacho kipimo cha mambo haya, nacho ni Surat Yusuf. Humo mna kisa cha mwanamke aliyemtaka kijana, milango ikafungwa, na kanzu ikachanwa kwa nyuma. Hakuna kilichofichwa katika maana ya kisa, na hapana neno moja la kumwamsha msomaji matamanio. Kwa kipimo hicho, ubaya kutajwa si kosa. Kosa ni kutajwa kwa namna inayoupamba. Nikimpima Kezilahabi hapo, naona mahali ambapo angaliweza kusitiri asisitiri. Lakini naona pia kwamba hapana mtu mwenye akili timamu atakayekifunga kitabu hiki akitamani maisha ya Rosa. Atakifunga na huzuni kifuani. Kitabu kinachomtia mtu huzuni juu ya dhambi hakiwekwi fungu moja na kitabu kinachoiuza.

Kina dosari zake, na mhakiki akizifumbia macho huwa mpambe. Misiba yake inafuatana mbio mno, hata msomaji hapati pumzi. Rosa anageuka kutoka kwenye woga hadi kwenye uhuru usio na mipaka kwa hatua chache sana. Ningalitaka kuziona siku za katikati. Na karibu wanaume wote waliomo hawana chembe ya huruma, kana kwamba mwandishi aliogopa kuwa mmoja mwema angaliiharibu hoja yake. Dosari hizi ni za ufundi, nazo zilipasa kujadiliwa tangu mwanzo. Lakini kwenye makelele nani husikia habari za ufundi?

Mtu huyu huyu alizusha mshtuko wa pili mwaka 1974 kwa diwani yake, Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Washairi wa mapokeo walikasirika, wakasema hilo si shairi. Sikio langu lililelewa na tenzi, na mpaka leo linatafuta kina kama mtoto amtafutavyo mama sokoni. Hata hivyo wanafunzi siku hizi wanafundishwa aina zote mbili, na bahari za zamani hazikukauka. Ule ulikuwa mshtuko wa sikio, na sikio huzoea.

Wala mambo haya hayakuanzia Ukerewe. Sisi wa pwani tunalo letu, nalo ni kubwa zaidi. Siti binti Saad alitoka Fumba, mtoto wa watu maskini, akaingia mjini Unguja na kuimba hadharani, na tena kwa Kiswahili, wakati taarabu ya majumba makubwa ilikuwa ya Kiarabu. Wapo waliomtungia maneno ya kumkejeli kwa asili yake na kwa mavazi aliyotoka nayo shamba. Mwaka 1928 sauti yake ilinaswa kwenye sahani za santuri huko Bombay. Katika nyimbo zake umo wa Kijiti, unaomsimulia muuaji wa mwanamke aliyetoroka, na hukumu ambayo badala yake iliwaangukia wanawake. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu wa heshima. Leo nani anamkejeli? Kila mtu anajinasibisha naye.

Kutokana na haya napata kanuni moja, na nakuomba uipime. Mshtuko ni kama rangi ya kitambaa kipya: maji ya miaka huiondoa. Basi iondoe wewe mwenyewe kwa fikira, utazame kinachobaki. Ondoa mshtuko kwa Siti, inabaki sauti, lugha yetu, na ushahidi wa wanyonge. Uondoe katika Kichomi, yanabaki mawazo ya kupinga au kukubali. Uondoe katika nyingi za zile nyimbo za rusha roho zilizoshika harusi zetu tangu miaka ya 1990, ambazo kazi yake ni kumchoma jirani, hakibaki kitu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Upya ukiisha, hubaki kidonda peke yake. Watoto wetu wanazicheza bila ya kushtuka, na kutoshtuka kwao hakukuzifanya nzuri. Zama peke yake si kadhi.

Na Rosa Mistika? Ondoa mshtuko, na Zakaria bado yupo. Hapa ndipo ninapohuzunika zaidi. Zamani watu walikipigia kitabu kelele, na kelele zikawazuia kusikia. Siku hizi mwanafunzi anaandika kwenye karatasi ya mtihani, "Dhamira: malezi mabaya," kwa utulivu wa mtu anayehesabu maembe, na baba yake anafurahia alama bila ya kuuliza kilichomo. Tumekizoea kitabu, nachelea tumeuzoea na ubaya kilichouonyesha.

Asiseme mtu kwamba ile ni nyumba ya Kikristo ya huko ziwani, haituhusu. Mabinti waliopigwa kwa sababu ya kijikaratasi wapo katika mitaa yetu, na kaka zao wenye barua kumi wanaitwa vijana tu. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika Surat At-Takwir tumekumbushwa siku ambayo binti aliyezikwa hai ataulizwa kwa kosa gani aliuawa. Aulizwaye ni binti, lakini jibu liko shingoni kwa aliyemzika.

Basi ewe mzazi, kitabu hiki kikiingia nyumbani mwako, usikitupe na usikipuuze. Kisome kwanza wewe baba, ukifika pale fimbo inapoinuliwa usimame kidogo. Kisha mwite binti yako, umuulize ameelewa nini, na umwache aseme mpaka amalize. Zakaria hakufanya hivyo.

Wabillahi Tawfiq.