Ubeti Ndani ya Mti: Uhakiki wa Usimbaji wa Tenzi kwa XML

Ikisiri
Makala haya yanahakiki namna utenzi wa Kiswahili unavyoumbwa upya unapoandikwa kwa XML ili usomwe na programu za kompyuta. Yanadai kwamba kila lebo ni uamuzi wa kihariri kabla ya kuwa ufundi wa kompyuta, na kwamba muundo unaoheshimu arudhi ndio pia unaochanganuliwa kwa gharama ndogo.

1.0 Utangulizi
Msomaji wa Lamu anaposoma utenzi kwenye simu, sikio lake laweza kusahihisha kosa la skrini, kwa kuwa huenda amewahi kuusikia ukighaniwa. Msomaji wa Kigali, ambako Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, mara nyingi hana msaada huo. Kile ambacho faili halikusema, kwake hakipo. Kwa hiyo swali la namna ya kulipanga faili hilo haliwezi kuachiwa mwanaprogramu peke yake.

XML, ambayo toleo lake la 1.0 lilipitishwa Februari 1998, huyapanga matini kama mti: lebo moja ni shina, nyingine ni matawi, na lebo iliyofunguliwa mwisho sharti ifungwe kwanza. Mwongozo wa TEI, mradi ulioanza mwaka 1987, hutumia mti huo kusimba fasihi: lebo ya lg kwa kundi la mistari, l kwa mstari, na seg kwa sehemu ya mstari. Je, ubeti wa utenzi unakaaje katika mti huo?

2.0 Mstari ni upi?
Katika miswada ya hati ya Kiarabu, waandishi walizoea kuuandika ubeti mzima wa utenzi katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vikitengwa kwa alama. Matoleo mengi yaliyochapishwa kwa hati ya Kilatini yaliupanga ubeti huo katika mistari minne. Msimbaji anayenakili kitabu kilichochapishwa ataandika l nne. Anayefuata mswada ataandika l moja yenye seg nne. Faili zote mbili ni sahihi mbele ya kompyuta, lakini zinatoa nadharia mbili tofauti za utenzi. Ya kwanza inadai kwamba kila kipande ni mstari unaojitegemea. Ya pili inadai kwamba vipande vitatu vya mwanzo vinauelekea ule wa nne, wenye kina cha bahari. Kasoro tunayoihakiki hapa ni kuuficha uamuzi huo nyuma ya jina la “muundo wa data”. Busara ni kuvitaja vitu kwa majina ya arudhi, yaani ubeti na kipande, na kuacha mpangilio wa mistari uamuliwe wakati wa kuonyesha.

3.0 Mishata na sheria ya mti
Tuchukue ubeti tulioutunga kwa ajili ya mfano:

Maji yashuka milima,
Yakapita na kuvuma,
Mkulima kasimama,
Na jembe lake begani.

Kipande cha tatu ni mishata: sentensi yake inakamilika katika cha nne. Msimbaji anayetaka kuonyesha vipande na sentensi kwa pamoja atashawishika kuandika hivi:

<kipande><sentensi>Mkulima kasimama,</kipande>
<kipande>Na jembe lake begani.</sentensi></kipande>

Kichanganuzi kitalikataa faili hili, kwa sababu kipande kimefungwa kabla ya sentensi iliyofunguliwa ndani yake. Hapa sheria ya mti imegongana na ushairi, na hakuna wepesi wa mashine utakaoondoa mgongano huo. Lazima kimoja kiwe shina. Kwa kopasi ya isimu, sentensi yaweza kufaa. Kwa utenzi, shina ni ubeti, na sentensi ionyeshwe kwa lebo tupu za mipaka:

<kipande><mwanzo s="2"/>Mkulima kasimama,</kipande>
<kipande>Na jembe lake begani.<mwisho s="2"/></kipande>

4.0 Gharama ya kusoma
Uchaguzi huo una matokeo ya kiufundi. Njia ya DOM hupakia mti mzima katika kumbukumbu ya kompyuta, na mti huo kwa kawaida huchukua nafasi kubwa kuliko faili lenyewe. Inafaa pale programu inapohitaji kurukaruka ndani ya matini. Njia ya SAX hupita faili kuanzia mwanzo hadi mwisho na kuiarifu programu kila lebo inapofunguka au kufungwa, bila kuhifadhi mti. Ubeti ukiwa shina, programu hukusanya vipande vinne, huvichakata, kisha huvisahau. Kinachobaki mkononi ni kina cha bahari na sentensi ambayo bado haijafungwa. Mghani naye huenda ubeti baada ya ubeti. Sentensi ikiwa shina, programu italazimika kuunga upya kila ubeti uliokatwa.

Wapo watakaosema kwamba ni heri kuandika kila kitu katika lebo, mizani na vina vikiwemo, na TEI ina sifa za met na rhyme kwa kazi hiyo. Lakini Utendi wa Tambuka una beti zaidi ya 1,000. Kuandika “8” katika kila kipande ni kurudia jambo moja zaidi ya mara 4,000, na kila marudio ni nafasi ya kukosea. Kinachoweza kuhesabiwa na programu kihesabiwe. Mhariri aandike kile anachokijua yeye tu. Kwa mfano, “mbaya” katika “mtu mbaya” ina mizani tatu, m-ba-ya, lakini katika “njia mbaya” ina mbili, mba-ya. Tahajia haizitofautishi, sarufi ndiyo huamua. Hapo ndipo lebo inapostahili. Msomaji wa Kigali ataielewa hoja hii upesi, kwani tahajia ya kawaida ya Kinyarwanda haionyeshi urefu wa irabu, ingawa urefu huo hubadili maana ya neno. Anayetaka kusimba amazina y’inka kwa kuhesabu herufi tu atapotea.

5.0 Hitimisho
Tumeonyesha kwamba ufanisi wa programu na uaminifu wa uhariri havipingani katika utenzi. Tunapendekeza mambo matatu: ubeti uwe shina, mipaka ya sentensi iwekwe kwa lebo tupu, na mizani iandikwe pale tu ambapo tahajia imenyamaza. Aidha, kila faili litanguliwe na maelezo ya mhariri kuhusu maamuzi hayo, ili mwanafunzi asiyewahi kuusikia utenzi ajue ni wapi anausikia mswada, na ni wapi anamsikia msimbaji.