Missa Luba: Watungaji Wetu Wajifunze Nini?



Korali nyingi za parokia zetu siku hizi hutunga wimbo kwa kuanzia kwenye kinanda cha umeme. Mtu abonyeza kitufe, mdundo watoka tayari, kisha maneno ya sala yatafutwa ili yaufuate mdundo ule. Ndiyo sababu Utuhurumie na Utukufu huimbwa kwa mwendo mmoja, na mwenye kufiwa hasikii tofauti kati ya kuomba huruma na kushangilia. Kwa watungaji hao twaleta santuri moja ya zamani iliyozaliwa katika nchi yetu ya Katanga, ili tuichunguze jinsi ilivyoundwa. Santuri hiyo ni Missa Luba.

Mwenye kufuata reli kutoka huku kwetu kupita Kolwezi hadi Tenke, kisha akageuka kaskazini, atafika Kamina. Huko, mwaka 1954, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianzisha korali ya wavulana na walimu wao, jina lake Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa yao iliimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huo huo walisafiri Ulaya, wakaimba katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Ni miaka mitano baadaye tu, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipoagiza kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake katika ibada. Kamina walikuwa wametangulia.

Tuangalie sasa ufundi wenyewe. Jambo la kwanza: hawakuanza na mdundo, walianza na tendo. Kwa kila sala walitafuta wimbo wa watu ambao kazi yake inafanana na sala ile. Kyrie ilifuata namna ya kasala, utenzi ambao Waluba huuinua katika maombolezo. Ni haki, maana mfiwa ndiye ajuaye kulia bila haya. Sanctus ilichukua namna ya wimbo wa kuagana, na Hosanna mwendo wa ngoma ya Kasai. Je, wale waliompokea Bwana kwa matawi Yerusalemu walisimama kimya? Ndugu wengine husema kwamba wimbo wa matanga haufai kuingia kanisani. Sisi twajibu: ikiwa kilio chenyewe chaingia kanisani, sauti yake itabaki mlangoni kwa kosa gani?

Jambo la pili: walitumia sauti za watu na ala za kupigwa tu. Sikilizeni jinsi mmoja anavyotangulia, wengine wakamjibu, na jinsi sauti zinavyopungua ili neno lisikike. Korali zetu huogopa nafasi tupu, huijaza kwa kinanda. Lakini mtu husali vizuri zaidi akipewa pa kuvuta pumzi.

Jambo la tatu: Misa hii haikuandikwa kwa noti. Waimbaji waliijenga kwa kuimba pamoja, na mwimbaji wa mbele, mwalimu Joachim Ngoi, alikuwa na uhuru wa kuugeuza wimbo ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo santuri ilishika wimbo jinsi ulivyoimbwa mara moja tu. Anayeiga santuri neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, ashika maganda na kuacha kokwa.

Hatusifu yote. Maneno ni ya Kilatini, na mama wengi wa Kamina waliosikia sauti yao wenyewe hawakufahamu yaliyosemwa. Sisi leo twaimba kwa Kiswahili, nayo ni neema. Lakini tuangalie kosa jingine. Kiswahili hutia mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiazima sauti ya Kilunda au ya Kichokwe, ukaacha pigo kubwa la ngoma lianguke juu ya silabi ya mwisho ya “Mwokozi”, umelivunja neno. Sauti na ipinde kidogo, neno libaki zima.

Tumeacha kwa mwisho jambo lililo zito kuliko yote. Agnus Dei, sala inayomalizika kwa kuomba amani, walikwenda kuijenga juu ya wimbo wa Bena Luluwa. Waluba waliomba amani kwa sauti ya jirani. Mwaka uliofuata, 1959, Waluba na Bena Luluwa walipigana huko Luluabourg, mji unaoitwa leo Kananga, damu ikamwagika. Wimbo haukuzuia vita, wala hatusemi kwamba ungeweza. Lakini ulikuwa umeonyesha njia, na njia ile ingali wazi. Na sisi wa upande wa Kolwezi hatujasahau miaka ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa katika nyumba zao, wengine wakilala stesheni pamoja na watoto wakingoja treni. Waliofukuza na waliofukuzwa walikuwa wamekula Mwili mmoja.

Basi, mtungaji wa Kisenge anayetaka kutunga Mwanakondoo wa Mungu asikimbilie kitufe. Akiwa Mlunda, aende kwa mama Mchokwe. Akiwa Mchokwe, aende kwa jirani Mluba. Aulize: “Mama, ninyi mkipatana baada ya ugomvi, mwaimba nini?” Aketi, ajifunze kwa kuitikia, na jina la mama yule aliandike juu ya karatasi ya wimbo, lisipotee. Wenye nyimbo hizo ni wazee, na kila mwaka twawasindikiza makaburini. Tusiwangojee huko ndipo tuwaulize.