Fedha Haizai Yenyewe

Ngũgĩ wa Thiong'o alitunga riwaya ya Shetani Msalabani mwaka 1978, akiwa kizuizini bila kuhukumiwa katika gereza la Kamiti, na karatasi aliyoiandikia ilikuwa ile ya chooni. Aliitunga kwa Kigikuyu. Ilichapwa mwaka 1980, na tafsiri ya Kiswahili ikatoka mwaka 1982. Gereza hilo haliko mbali na Kahawa Sukari. Kijana wa huko, aliyezoea kuona mashamba ya kahawa ya Ruiru yakipungua na viwanja vikipimwa kando ya barabara ya Thika, hatakuwa mgeni katika habari hii.

Kiini cha kitabu ni karamu ifanywayo ndani ya pango mjini Ilmorog, ambako wezi washindana kujisifu. Wageni wa nchi za nje wamevaa suti zilizoshonwa kwa noti za kwao: huyu dola, yule pauni, mwingine yeni. Mmoja wa wenyeji, Gĩtutu, aeleza jinsi alivyopata utajiri. Alikopa benki, akanunua shamba la mzungu, akalikata vipande na kuwauzia maskini kwa bei ya juu. Hakushika jembe wala hakupanda mche. Alisimama tu kati ya ardhi na wenye kuihitaji. Sasa aota kuuza udongo kwa kupima, na hata hewa. Twacheka, kisha kicheko chatukwama kooni.

Katika pango hilo yasimuliwa upya hadithi ya Injili ya watumishi waliopewa talanta. Mtumishi aliyezika fedha zake ardhini hapa si mvivu. Amwambia bwana wake kwamba alizifukia ili aone kama zitazaa zenyewe, nazo hazikuzaa. Kilichozaa siku zote ni jasho la wafanyakazi. Naona hapa ndipo mwandishi alipopiga shabaha. Shilingi haina tumbo la uzazi. Ikiongezeka mkononi mwa mtu, pana mwingine aliyefanya kazi.

Wako walaumuo kwamba wezi wa kweli hawajisifu hadharani. Hutia sahihi kwa utaratibu na kusema habari za maendeleo. Ni kweli, lakini lawama hiyo haina uzito. Kazi ya tashtiti ni kutia ulimini yale yaliyofichwa moyoni.

Kasoro kubwa iko mwishoni. Warĩĩnga, msichana aliyejifunza ufundi wa magari, asikia kwamba kiwanja cha karakana yao kimenunuliwa na Kihara na wenzake ili ijengwe hoteli ya watalii. Baadaye ampiga risasi mzee tajiri aliyemharibia usichana wake. Msomaji atamani kupiga makofi. Lakini je, kiwanja kimerudi? Hati ingali mikononi mwa walewale, na benki itafungua milango kesho asubuhi kama kawaida. Ikiwa ubaya umo katika mpango mzima, kama mtumishi yule alivyotufundisha, kufa kwa mzee mmoja hakuubadilishi.

Kwangu mimi, mafunzo mazito zaidi yamo katika kisa cha Wangarĩ. Mwanamke huyu aliwaendea polisi, akawaongoza hadi pangoni wawakamate wezi, akakamatwa yeye. Hapo hapana bastola, lakini twaona wazi nguvu za mali zifikapo: hata mlinzi ana bwana wake.

Wahenga walisema, fedha fedheha. Hata hivyo, karo na dawa hulipwa kwa fedha, na kuichukia hakumsaidii mtu. Yafaa kuiuliza imetoka katika jasho la nani, na daftari lake limeshikwa na nani. Kitabu kinachomzoeza kijana kuuliza hivyo chastahili kusomwa, hata kama mwisho wake hautoshi.