Sifa za Mafundi wa Kompyuta Kuukuu
Wanastahiki pongezi, tena bila ya ubakhili, mafundi wa Kariakoo ambao, wakiletewa kompyuta mpakato kuukuu iliyokataa katakata kuwaka, hawaharakishi kuihukumu kuwa imekufa, bali kwanza huipima chaja kama yatoa volti zilizoandikwa juu yake, aghalabu 19, kisha huchomoa betri na kukishikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika hivi, ili umeme uliosalia ndani upate kutoka. Ikizidi kunyamaza, huvitoa vibao vya kumbukumbu, wakayasugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha mwanafunzi (dawa ya senti chache, na ajabu ni kuwa mara nyingi yafaa), wakavirudisha mahali pake taratibu. Wakishindwa, husema wazi, na hiyo kwangu ndiyo sifa yao kubwa.