Uso Unaosikiliza

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuliijua kanuni moja: steringi hafi. Wanaokufa ni wale wengine, na taa zikiwashwa hakuna anayeuliza majina yao. Katika The Exorcist yumo mmoja wa kundi hilo, Burke Dennings, mwongozaji wa filamu, mlevi mwenye ulimi mchafu. Anapita kwenye hadithi mara chache, kisha anakutwa amekufa chini ya ngazi ndefu, shingo imegeuzwa nyuma. Aliyemwigiza ni Jack MacGowran, mwana wa Dublin. Filamu ilitoka Desemba 1973; yeye alikuwa ameshafariki tangu Januari, huko New York, akiwa na miaka 54.

Nimemtazama kwa miaka mingi, na kila nikirudi namkuta akifanya kazi ileile ambayo wengi hawaihesabu kuwa kazi. Anasikiliza.

Alizaliwa mwaka 1918, akafanya kazi ya bima kabla ya kuingia Abbey, ukumbi wa tamthilia wa taifa la Ayalandi. Umbo lake lilikuwa limeshamchagulia nafasi: mdogo, mwembamba, uso wa mifupa, macho yasiyotulia. Katika The Quiet Man ya John Ford, mwaka 1952, alipewa Feeney, ambaye vijana wa leo wangemwita chawa wa tajiri Danaher. Danaher anaigizwa na Victor McLaglen, pande la mtu aliyewahi kuwa bondia. Ubavuni mwake yupo Feeney na kidaftari: bosi akimkasirikia mtu, jina la mtu huyo linaandikwa, kisha linapigwa mstari. Lakini ukitaka kupima hasira ya Danaher, muache Danaher mwenyewe; mtazame huyu mdogo anavyoipokea. Mwigizaji mchoyo angejitafutia kicheko chake pembeni. MacGowran anamkopesha mwenzake uso wake, na tukio zima linanona.

Aliyekitambua kipaji hicho kuliko wote ni mwandishi Samuel Beckett, mtu wa Dublin mwenziwe aliyehamia Paris. Ushirika wao ulianzia redioni, BBC, katika mchezo wa All That Fall wa mwaka 1957. Mwaka 1964 MacGowran akaigiza Clov katika Endgame, kwanza Paris, kisha London, pamoja na Patrick Magee. Magee ndiye Hamm, bwana asiyeweza kusimama. Clov ni mtumishi asiyeweza kuketi. Kwa mara nyingine yeye ndiye mtumwa wa sauti ya mtu mwingine.

Baadaye akaunganisha vipande vya maandishi ya Beckett kuwa onyesho la mtu mmoja, likampatia tuzo ya Obie mwaka 1971. Jukwaa tupu, koti refu lililochakaa, na yeye. Humo kuna kisa kutoka riwaya ya Molloy: mtu ana kokoto 16 za kumumunya na mifuko minne, na anataka azimumunye zote kwa zamu bila moja kurudiwa kabla ya nyingine. Anahamisha kutoka mfuko huu kwenda ule, anagundua kasoro, anaanza upya. Ni mtego kwa mwigizaji. Ukimkonyeza mtazamaji, ukamwambia kwa jicho kwamba hili ni la kuchekesha, kisa kimekufa. MacGowran anayachukulia mahesabu hayo kwa uzito wa karani anayefunga vitabu vya mwaka huku senti moja haionekani. Nani ajuaye, labda ofisi ya bima haikupotea bure. Tunacheka kwa sababu yeye hacheki, na katikati ya kicheko tunaanza kumhurumia.

Kilele chake, kwangu, ni Eh Joe, mchezo wa televisheni ambao Beckett alimwandikia yeye hasa. BBC iliurusha Julai 1966. Joe ni mzee aliyevaa joho la nyumbani na ndara, peke yake chumbani. Anafungua dirisha, anachungulia, anafunga, anavuta pazia. Anaufungua mlango, anachungulia, anaufunga kwa ufunguo. Kabati vilevile. Anapiga magoti na kukagua uvungu wa kitanda. Akishahakikisha hakuna mtu, anaketi kitandani, na hapo ndipo inapoanza sauti ya mwanamke, kichwani mwake, ya chini, isiyo na haraka. Sauti hiyo ni ya Siân Phillips. Inamsimulia Joe maovu yake, na hasa habari za msichana mwingine aliyemtupa, aliyejiua.

Joe hatamki neno hata moja. Kila sauti inaponyamaza kidogo, kamera inamsogelea. Inafanya hivyo mara tisa, mpaka uso unaijaza skrini. Maelekezo yanamtaka asipepese macho sauti inaposema, wala asionyeshe lolote ila mkazo wa kusikiliza unaozidi kupanda.

Jaribu mwenyewe mbele ya kioo. Baada ya dakika moja uso unaanza kusema uongo: paji linakunjwa ili lionekane linawaza, mdomo unatafuta huzuni. Wa MacGowran hautafuti kitu. Neno linafika kwanza, ndipo kitu kinapokaza taratibu karibu na macho. Sauti ikikata, uso unalegea kidogo, kama mtu anayedhani mdai ameondoka mlangoni. Kisha sauti inarudi, na tumaini hilo dogo linazimika mbele yetu. Msichana aliyejiua hatumwoni hata mara moja. Habari zake zote tunazisoma kwenye ngozi ya mzee anayezisikia.

Mwaka huohuo wa 1966 MacGowran alirekodi santuri akisoma maandishi ya Beckett, kwa kampuni ya Claddagh. Harmoniamu ilipigwa na John Beckett, binamu wa mwandishi. Filimbi ikapulizwa na Edward, mtoto wa kaka wa mwandishi huyohuyo. Kulihitajika pia mtu wa kugonga upatu mahali pachache, basi. Samuel Beckett, ambaye miaka mitatu baadaye angepewa Tuzo ya Nobel, akaishika kazi hiyo. Alikaa kimya, akamsikiliza chawa wa Danaher akisoma, akingojea zamu yake ya kugonga.