Hongereni, Mafundi wa Springi

Mafundi wa springi wa Bukoba na Muleba wanastahili pongezi. Gari linalotoka lami ya mjini, likapanda mwinuko wa Kamachumu na kuingia barabara za vumbi likiwa na abiria na mikungu ya ndizi, halitaki kazi ya kubahatisha.

Mteja akitaka gari lake lishushwe kimo, fundi wa kweli hakati springi kwa gesi, maana moto huharibu uimara wa chuma. Hufunga springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, jozi kwa jozi, na kuhakikisha ncha ya kila springi imekaa sawasawa kwenye kitako chake. Bolti za bushi huzikaza mwisho, gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, bushi hujipinda na gari hukataa kukaa vizuri. Kisha fundi hulisukuma gari mbele na nyuma, huliegesha mahali tambarare, na kupima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Vipimo vikipishana, hurudia kazi.

Wenye magari, tuwape mafundi hawa muda wa kupima, na tuwalipe haki yao.