Msomaji kama Hakimu: Mapokezi ya Riwaya ya Alan Gratz, Ban This Book

Utangulizi

Suala la udhibiti wa vitabu shuleni limejadiliwa mara nyingi kama suala la sheria, dini na siasa, na kwa nadra kama suala la usomaji. Anayekipiga kitabu marufuku huchukuliwa kuwa ama hakukisoma, ama alikisoma kwa nia mbaya. Anayekitetea huchukuliwa kuwa msomaji mwema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mgawanyiko huu hautoshi. Tukichunguza jinsi riwaya moja ya watoto ilivyopokewa nchini Marekani, tutaona kwamba walioishutumu na walioitetea waliisoma kwa namna moja, na kwamba namna hiyo ni ile ile tunayoifunza katika madarasa yetu ya fasihi hapa Kenya.

Riwaya yenyewe ni Ban This Book ya Alan Gratz, iliyotolewa mwaka 2017. Anwani yake ni amri: kipigeni marufuku kitabu hiki. Mnamo Mei 2024 amri hiyo ilitekelezwa. Bodi ya shule za kaunti ya Indian River, katika jimbo la Florida, iliamua kwa kura tatu dhidi ya mbili kuiondoa katika maktaba za shule zake. Hivyo riwaya inayosimulia habari za bodi inayoondoa vitabu iliondolewa na bodi. Kinaya hiki kilizungumzwa sana, na ni rahisi kuridhika nacho. Hata hivyo, kazi ya mhakiki ni kuuliza: wasomaji hawa walisoma nini hasa, na je, hicho walichokisoma kimo katika riwaya?

Riwaya na msimulizi wake

Mhusika mkuu ni Amy Anne Ollinger, msichana Mmarekani mweusi wa darasa la nne katika shule ya msingi ya Shelbourne, mjini Raleigh, jimbo la North Carolina. Kitabu akipendacho kuliko vyote ni riwaya ya E. L. Konigsburg ya mwaka 1967 kuhusu ndugu wawili wanaotoroka nyumbani na kujificha katika jumba la makumbusho mjini New York. Siku moja anakikosa mahali pake rafuni. Mzazi mmoja mwenye ushawishi, Bi Spencer, ameirai bodi ikiondoe pamoja na vingine kadhaa, kwa hoja kwamba vinawapotosha watoto. Amy Anne na rafiki zake wanavitafuta vitabu vilivyokatazwa na kuviazimisha kwa siri kutoka katika kabati lake la shuleni. Mkutubi, Bi Jones, anapoteza kazi, na msichana naye anasimamishwa masomo. Hatimaye watoto wanabuni mkakati mwingine: wanajaza fomu za kuomba vitabu vichunguzwe upya, kitabu baada ya kitabu, ili kuthibitisha kwamba hakuna kitabu kisichoweza kupatiwa kosa na mtu anayelitafuta.

Muhtasari huu unaweza kumfanya mtu adhani kwamba riwaya ni hotuba iliyovikwa nguo za hadithi. Usimulizi wake unatuonyesha jambo jingine. Gratz ametumia nafsi ya kwanza, na mbinu anayoirudia mara kwa mara ni kutupa kwanza maneno ambayo Amy Anne angependa kuyasema, kisha kutujulisha kwamba hakuyasema. Mapema katika hadithi anakwenda katika mkutano wa bodi akiwa na hotuba aliyoiandika mwenyewe. Zamu yake inapofika, anakaa kimya. Nyumbani, penye kelele za wadogo zake wawili, anameza manung'uniko yake na kuwapisha wengine. Kwa hiyo, kabla ya Bi Spencer kutokea, tayari yuko mdhibiti anayefanya kazi ndani ya kinywa cha msimulizi. Msomaji pekee ndiye anayeyasikia maneno yaliyozuiwa. Anawekwa katika nafasi ya kujua zaidi ya wazazi, walimu na bodi, na mvutano wa riwaya unatokana na pengo hili kati ya fikra na usemi. Kuondolewa kwa vitabu kunampa Amy Anne sababu ya kuliziba pengo hilo. Msuko unaanza kwa mkutano ambapo ananyamaza na kuelekea mkutano ambapo anasema.

Wasomaji wa Indian River

Malalamiko dhidi ya riwaya yaliwasilishwa na kiongozi wa tawi la kaunti hiyo la Moms for Liberty, shirika la wazazi lililoanzishwa Florida mwaka 2021. Kamati iliyopewa jukumu la kukipitia kitabu ilipendekeza kibaki. Bodi iliukataa ushauri wa kamati yake. Hoja zilizotolewa zilikuwa mbili: kwamba riwaya inavitaja vitabu vilivyokwisha kuondolewa shuleni, na kwamba inawafunza watoto kuasi mamlaka ya bodi.

Hoja ya kwanza inastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu haihusu lolote linalotendeka katika hadithi. Inahusu majina. Kitabu kinachokitaja kitabu kilichokatazwa nacho kimenajisika, kama kwamba jina ni ugonjwa wa kuambukiza. Kwa mantiki hiyo, hata orodha ya vitabu iliyohifadhiwa na bodi yenyewe haina budi kuondolewa.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na yaweza kupimwa kwa kurejelea matini. Je, riwaya inafunza uasi? Ni kweli kwamba watoto wanaazimishana vitabu kwa siri na kuwaficha wakubwa mambo. Lakini tuangalie siri hiyo inaishia wapi. Inaishia katika adhabu, na katika madhara yanayompata mkutubi asiyestahili. Kinacholeta ushindi ni fomu. Watoto wanashinda kwa kuutumia utaratibu ambao bodi yenyewe iliuweka na ambao, ndani ya hadithi, bodi ndiyo iliyoupuuza. Isitoshe, msimamo wa Bi Jones, ambao riwaya inauunga mkono, ni kwamba mzazi ana haki kamili ya kumwamulia mtoto wake asome nini. Asichoruhusiwa ni kuwaamulia watoto wa wenzake. Mamlaka ya mzazi hayakuvunjwa mahali popote. Yamewekewa mipaka tu. Yamkini riwaya hii ni ya kihafidhina kuliko walivyodhani walioiondoa, kwa maana inaamini kwamba taasisi zikifuata kanuni zake zenyewe, haki itapatikana. Indian River utaratibu ulifuatwa hadi kamati ikatoa pendekezo lake, kisha pendekezo likatupwa. Hapo uhalisi uliipita riwaya kwa ukatili.

Hans Robert Jauss ametufunza kwamba kila msomaji hukutana na matini akiwa na upeo wake wa matarajio. Upeo wa Florida mwaka 2024 ulikuwa umekwisha kuchorwa. Sheria ya jimbo ya mwaka 2023 ilikuwa imerahisisha kuondolewa kwa vitabu vilivyolalamikiwa, na shirika la waandishi la PEN America lilihesabu zaidi ya matukio 10,000 ya vitabu kuzuiwa katika shule za umma za Marekani katika mwaka wa masomo wa 2023 hadi 2024, zaidi ya 4,500 kati yake yakiwa Florida. Katika mazingira hayo anwani ya Gratz ilisomwa kama tamko la vita. Aliyeifikia riwaya kupitia anwani hiyo hakuwa na haja ya kumsikiliza msichana anayeshindwa kusema.

Watetezi na dhana wanayoshiriki na wapinzani

Watetezi nao walisoma nini? Utetezi ulisisitiza kwamba kitabu hakina uchafu wowote, kwamba kinawafunza watoto ujasiri, kupenda kusoma na kudai haki zao. Mambo haya ni ya kweli. Lakini tukiuweka utetezi huu kando ya shutuma, tunaona kwamba zote mbili zinajibu swali moja: kitabu hiki kinafunza nini? Upande mmoja unajibu, kinafunza uasi. Upande wa pili unajibu, kinafunza ujasiri. Pande zote mbili zinakubaliana na methali yetu kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na zote zinakichukulia kitabu kuwa mlezi anayepaswa kuchunguzwa tabia kabla ya kukabidhiwa mtoto. Wanachobishania ni cheti cha tabia njema tu.

Aidha, utetezi unaosema kwamba kitabu hakina madhara una gharama yake. Mzazi anayeogopa kitabu anakubali angalau kwamba fasihi ina nguvu ya kumbadilisha mtu. Anayemjibu kwamba hadithi ni hadithi tu, haimdhuru mtu, ameshinda hoja kwa kuidharau fasihi. Hatuwezi kudai kwamba vitabu humjenga mtoto, kisha tukane kwamba vyaweza kumtikisa.

Udhaifu huu umo hata katika riwaya yenyewe. Gratz ameegemeza hoja yake kwa sehemu kubwa juu ya vitabu ambavyo mtu mzima wa kawaida hapati taabu kuvitetea, vikiwemo vya mifululizo maarufu kama Goosebumps wa R. L. Stine na Captain Underpants wa Dav Pilkey. Ni kweli kwamba mifululizo hii imeshambuliwa. Goosebumps ulikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa sana Marekani katika miaka ya 1990. Lakini kitabu kinachokera kweli, kinachomlazimisha mtetezi ajiulize kama yuko tayari kukisimamia, hakipewi uzito unaostahili. Vilevile Bi Spencer amebaki kuwa mhusika bapa. Mwanawe, Trey, amepewa nafasi ya kubadilika kutoka mshukiwa hadi mshirika, na humo mna baadhi ya kurasa bora za riwaya. Mama haingiwi moyoni. Twaweza kusema kwamba nafsi ya kwanza ya mtoto hairuhusu hilo. Hata hivyo, riwaya inayodai haki ya kila msomaji kusikika ingepata nguvu zaidi kama ingemsikiliza pia msomaji huyu mmoja anayeogopa.

Je, sisi?

Msomaji wa Kenya anaweza kudhani kwamba haya ni mambo ya mbali. Tunayo historia yetu. Mwaka 1977 mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ ulinyimwa kibali Kamĩrĩĩthũ, na kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Riwaya yake ya Matigari, iliyotoka kwa Kigĩkũyũ mwaka 1986, ilinyakuliwa madukani mwaka uliofuata. Kwa mujibu wa maelezo ya Ngũgĩ mwenyewe, polisi waliagizwa kwanza wamkamate mtu aitwaye Matigari anayezunguka nchini akiuliza maswali kuhusu ukweli na haki. Kisa hiki husimuliwa ili watu wacheke. Kwa mhakiki kina uzito, kwani kinamwonyesha mdhibiti akiwa msomaji aliyelifuta kabisa pengo kati ya hadithi na dunia. Bodi ya Indian River iliposema kwamba Amy Anne anafunza uasi, ilikuwa njiani kuelekea huko huko.

Hata hivyo, tusihamishe hoja za Marekani bila kuzipima. Mgogoro wa Gratz unahusu rafu ya maktaba, ambapo mtoto huchagua. Katika kesi ya Pico ya mwaka 1982, Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika vibaya, lakini majaji waliotoa maoni makuu walitofautisha maktaba, mahali pa hiari, na mtaala, ambao ni wa lazima. Kwetu mvutano huwa juu ya vitabu teule, ambavyo kila mtahiniwa hulazimika kuvisoma. Mzazi anayelalamikia kitabu teule hawezi kuambiwa tu kwamba mwanawe asikiazime. Ndiyo maana kwetu swali la jinsi kitabu kinavyosomwa darasani lina uzito kuliko swali la kama kimo rafuni.

Na hapo ndipo penye tatizo letu. Tangu Kimani Njogu na Rocha Chimerah watoe Ufundishaji wa Fasihi mwaka 1999, na hata kabla yake, walimu wa Kiswahili wamekuwa na zana za kutosha za kuchambua usimulizi, nafasi ya msomaji na ukimya wa matini. Pamoja na hayo, mwanafunzi wetu wa kawaida huingia chumba cha mtihani akiwa na orodha ya maudhui, dhamira na mafunzo, na hutuzwa kwa kuyataja. Amezoeshwa kuchuja hadithi hadi libaki funzo. Mwanafunzi huyo akiwa mzazi au mjumbe wa bodi, akakuta funzo asilolipenda, atakitendea kitabu nini? Atakiondoa, na kwa mujibu wa elimu tuliyompa atakuwa amekisoma sawasawa.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mabishano juu ya Ban This Book yaliendeshwa na wasomaji waliotofautiana katika hukumu na kulingana katika usomaji. Riwaya ina kasoro zake, na kubwa zaidi ni kwamba nayo imeikubali kwa kiasi fulani dhana ya kitabu kama mlezi. Lakini katika usimulizi wake ina jambo ambalo hakuna upande uliolitaja: uzoefu wa kukaa ndani ya kichwa cha mtoto anayejizuia kusema, ukurasa baada ya ukurasa, hadi msomaji atamani aseme. Tamaa hiyo haiwezi kufupishwa kuwa funzo la uasi wala la ujasiri. Anayetaka kuijua hana budi kusoma.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba katika kufundisha fasihi ya watoto na vitabu teule, swali la kitabu kinafunza nini litanguliwe na maswali mengine: nani anasema, nani ananyamazishwa, msomaji amewekwa wapi, na anajua nini ambacho wahusika hawakijui. Maswali haya hayatamzuia mzazi kulalamika, wala hayapaswi kumzuia. Yatamlazimu tu kukisoma kitabu kabla ya kukilalamikia, na kumlazimu anayekitetea afanye vivyo hivyo.